Halua Kabla ya Mvinyo

"Rudisha chupa ya mume wangu."

"Chupa ipi? Mji mzima huu wa Zinga una chupa."

"Unaijua."

"Ninazozijua ni zangu. Za kwako kazitafute kwenye makabati yako, Mina."

Hapo ndipo tulipowaacha wiki jana, wenzangu. Wanawake wawili, ua mmoja wa makuti katikati, na barabara nzima imeacha shughuli zake kusikiliza. Muuza mihogo kasahau kuwa mafuta yake yanaungua. Waliokuwa wakingoja basi la Dar wamelipungia mkono liende zake. Miaka yote wawili hawa waliitana Mama Krishna na Mama Anjela. Leo wanaitana majina matupu, kama watoto wanaogombea gololi.

Aliyekuwa safarini wiki jana asogee nimnong'oneze.

Mina ni mjane wa Jaysukh. Mbele ana duka la viungo, na nyuma ya duka ana mapipa ya mvinyo wa choya, yale maua mekundu ya juisi, aliyoachiwa na marehemu. Leokadia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, naye hutengeneza mvinyo huohuo wa choya. Zamani wa Leokadia ulikuwa wa kuumiza vichwa, watu wakiununua kwa huruma tu. Sasa juzi, kwenye sherehe ya kipaimara, Mina akapewa glasi ya mvinyo mpya wa Leokadia. Akaipeleka puani, akasikia harufu ya mapera mabivu.

Harufu ile duniani ilitoka mahali pamoja tu. Ilitoka kwenye chachu ya Jaysukh, aliyoipata mwenyewe kwenye mabibo ya shambani, akailea ndani ya chupa ya achari, akiilisha sukari guru kila wiki kama mtu anayefuga ng'ombe. Chupa hiyo ilipotea wiki ya msiba.

Na wiki ya msiba, jikoni kwa Mina aliingia nani? Nyumba ile ikifiwa haiwashi moto, ndiyo desturi yao Wahindu. Majirani ndio wanaobeba masufuria. Funguo za jiko alikabidhiwa Leokadia. Alileta wali na dengu, akaosha vyombo, akamshika Mina mkono siku walipomchukua marehemu kumpeleka Dar kuchomwa.

Ndiyo maana inauma. Mwizi wa dirishani unampigia kelele. Mwizi aliyekufuta machozi utampigia nini?

Basi turudi uani.

Mina alisema mbele ya watu wote kuwa mvinyo ule aliunusa akamsikia marehemu ndani yake. Leokadia alikuwa anaanika mashuka. Akabana shuka lake kwenye kamba taratibu, akageuka.

"Wewe ukinusa wangu unamsikia marehemu," alisema. "Mimi nikinusa wako nasikia mandazi."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho kilikuwa na sababu. Tangu chachu ipotee, Mina alikuwa anachachulia choya yake kwa hamira ya dukani, ile ya kuumulia mandazi, na mji mzima ulikuwa unajua. Walikuwa hawajawahi kulisema mbele yake.

Mkononi Mina alikuwa na mwiko mrefu wa kukorogea. Akaunyanyua. Akaweka mguu mmoja juu ya tofali, tayari kuuvuka ua.

Honi ikalia.

Gari jeupe lilikuwa limeingia hadi kwenye kamba ya mashuka, na kutoka ndani yake akashuka mwanamke aliyevaa rida, lile vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya zambarau yenye tarizi pindoni. Huyu ni Mehzabin, Mwislamu wa Kibohora wa Dar, mwenye ofisi ya kutembeza wageni. Mina na Leokadia walimjua kwa sifa, na kila mmoja alikuwa ameota siku atakaposimamisha gari lake mlangoni.

Laiti mngeona nyuso zile zinavyobadilika. Mwiko ukashuka, ukawa kama unaokotea kuti. Leokadia akafuta mikono kwenye kanga. Wote wawili wakasema karibu kwa pamoja, sauti zimelainika kama wanaolaza mtoto.

Mehzabin hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Jumamosi ya wiki inayofuata, alisema, analeta wageni wenye hoteli za pwani hii yote. Wamechoka kuagiza mvinyo wa mbali. Wanataka siku moja ya kupita kwenye viwanda vidogo vya huku, waonje, wachague kimoja cha kuwauzia msimu mzima. Kimoja tu. Viwanda amevisikia vitatu: hivi viwili vya Zinga, na kile cha mzee Kalisti kule Kaole, anayetengeneza mvinyo wa nanasi.

"Tatizo langu ni hili," alisema. "Mimi sinywi. Hata siki naitazama mara mbili. Sijui kipi kitangulie na kipi kifuate. Nataka mtu wa hapa anipangie siku yangu. Nimeambiwa kwa sasa fundi ni Leokadia, nikaja kwake."

Mina akahesabu moyoni. Kaibiwa chachu, kaibiwa jina, na sasa anaibiwa hadi kiti cha mwenyeji.

Lakini sikilizeni kiburi kinavyomtendea mtu. Leokadia akatabasamu, akampa mgongo Mina, akasema yeye hana nafasi ya kupanga mapito ya wageni, ana mvinyo wa kuchuja. "Mpe huyu jirani yangu. Siku hizi ana wakati."

Watu wakacheka tena. Mehzabin akageuka.

"Basi utanisaidia, Minaben, dada yangu? Nitautegemea ulimi wako."

Mina akakubali kwa unyenyekevu, macho chini. Kisu kakabidhiwa na adui mwenyewe, tena upande wa mpini.

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayemwoza binti yake wa pekee. Alitafuta turubai, alitafuta maji ya kunywa na viti, alimpigia Kalisti simu kumkumbusha anyoe ndevu. Aliamuru glasi zisuuzwe bila sabuni yenye harufu. Alikuwa anaijua kazi hiyo, maana zamani wageni wa Jaysukh walipita humo humo nyuma ya duka, na marehemu alikuwa mkali sana kwenye jambo moja: mpangilio. Anza na mvinyo mkavu, alikuwa akisema, malizia na mtamu. Ukigeuza, umeua.

Mina akageuza.

Hebu niwaeleze nyinyi msiokunywa, ili mwone ubaya wake. Mvinyo wa choya uliochachuka sawasawa hauna sukari, chachu imekwisha kuila yote. Una ukakasi wake mzuri, unakausha ulimi kama chai ya rangi isiyotiwa kitu. Sasa wewe kula kwanza kipande cha halua, kile kinachong'ang'ania meno. Kisha ipige chai hiyo. Utasema umepewa dawa ya kuulia kunguni.

Mpango ukawa hivi. Asubuhi, wageni wakiwa na ndimi safi, waanze kwa Mina na mkate mkavu. Kwa ulimi safi hata hamira ya mandazi inaweza kupita. Kisha Kaole, kwa Kalisti, ambaye nanasi lake ni tamu kama shira. Kisha warudi Zinga, wapumzike barazani kwa Dija mpishi wa halua, wapewe kahawa na halua nyingi. Ndipo, meno yamejaa sukari, waingizwe kwa Leokadia.

Na nani angeuliza? Pwani hii mgeni akifika bila kupewa kahawa na halua ndipo watu wanauliza. Mehzabin aliposikia alifurahi hadi akataka kujua kama halua inaweza kutiwa lozi.

Dija naye alifurahi. Dija ni shoga wa Mina tangu utotoni, mpishi wa halua anayejulikana hadi Bagamoyo mjini, mtu wa swala tano, na habari yoyote inayopita Zinga hulipia ushuru kwake. Kwake ilikuwa heshima kubwa wenye mahoteli kula mkono wake. Mina hakumwambia zaidi ya hapo.

Ilibaki kumpa Leokadia zamu yake.

Mina alikwenda uani akamwita dada Leokadia, kwa heshima zote. Akamwambia amemweka mwisho, kwa kuwa wa mwisho ndiye anayekumbukwa. Leokadia akavimba kidogo kwa raha. Akauliza watatokea wapi. Mina akamtajia Kaole. Akamtajia na baraza ya Dija, haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

Raha ikamtoka Leokadia usoni.

"Halua ya Dija," alisema.

"Ndiyo. Ukarimu tu."

"Nzuri sana hiyo halua." Akatabasamu, akaingia ndani.

Hakugomba. Hakuuliza neno. Mina akarudi dukani, na badala ya kushangilia akajikuta anapanga upya makopo ya binzari yaliyokuwa yamekwisha pangwa.

Kesho yake mchana Dija aliingia dukani bila hodi. Alifunga mlango nyuma yake, na mteja aliyekuwa anachagua iliki akamtoa kwa macho tu.

Alikuwa na habari. Leokadia kaja kununua halua, sahani nzima. Dija, kwa kuwa ni Dija, akamfuata nyuma akisingizia kupeleka sinia. Akachungulia. Leokadia alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akala kipande kimoja, akajimiminia mvinyo wake, akanywa funda moja. Uso ukamkunjamana kama limau lililosahauliwa. Akaumwagia kuku. Akanywa maji, akala tena, akanywa tena mvinyo. Uso ukakunjamana vilevile. Kisha akakaa pale, mikono magotini, mpaka kuku wakamzoea.

"Hapo ndipo akili ikanijia," Dija alisema. "Mina, umeifanya nini halua yangu?"

Mina akasema hajaifanya kitu.

"Mimi sinywi lakini si mjinga. Halua yangu inakwenda harusini, inakwenda Idi, inakwenda hata kwa wagonjwa. Haijawahi kwenda vitani."

Ikabidi Mina aseme. Akaeleza yote, hadi wiki ya msiba. Akasema chachu ile ilikuwa kitu pekee cha Jaysukh kilichobaki kinapumua. Nguo zake hazipumui. Picha haipumui. Ile chupa ukiweka sikio ulikuwa unaisikia inachemka kidogokidogo, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Na yule mwanamke kaibeba chini ya kanga huku anampa pole.

"Sitaki anirudishie tena," alisema. "Nilimwomba, akanifanya kichekesho kwa watu. Sasa nataka wenye mahoteli wauteme mvinyo wake mbele ya mlango wake. Nataka autazame ukitemwa. Kisha achekwe, kama nilivyochekwa."

Dija akavuta kiti, akaketi. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu Mungu na majirani, na baadhi aliyasema. Lakini Mina akamwuliza swali moja: kama ungekuwa wewe? Dija akasema halua ataipika kwa kuwa amekwisha kutoa neno kwa Mehzabin, ila yeye mkono wake haumo. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kitu kimoja kinanisumbua, shoga. Ameshajua. Mbona hajamwambia Mehzabin?"

Swali hilo lilibaki dukani baada ya Dija kuondoka. Mina akajijibu kuwa Leokadia akifungua mdomo kuhusu halua, yeye atafungua wake kuhusu chachu, na Mehzabin atawaacha wote wawili akamchukue Kalisti. Kila mmoja kamshika mwenzake koo. Jibu lilikuwa zuri. Hata hivyo usingizi wake ulikuwa wa kukatikakatika.

Ijumaa ikafika, wageni wakisubiriwa kesho yake.

Wanaume walikuwa wanatoka msikitini pale harufu ilipoanza kutembea. Nazi, binzari, kitunguu kinachokaangwa taratibu. Harufu ilitoka kwa Leokadia. Kufumba na kufumbua mikeka ikatandikwa uani kwake, na watu wakaingia bila kungoja kuitwa mara mbili. Alikuwemo Mardhiya, mke wa imamu. Alikuwemo muuza mihogo. Kalisti alikuja kutoka Kaole, kanyoa. Mehzabin, aliyefika mapema kukagua turubai, alikuwa ameketishwa pahala pa heshima na mto mgongoni. Na Dija naye alikuwemo, anatazama chini.

Mina aliwaona wote kupitia matundu ya ua. Akasema moyoni, mwache apike, kesho ni kesho. Lakini ilimbidi akakague viti vya kesho upande wa pili, na njia ya kwenda kwenye viti ilipita mlangoni kwa Leokadia. Akajifunga mtandio, akatoka, akapita akiangalia mbele kama askari.

"Mama Krishna."

Jina hilo hakuitwa na mdomo ule tangu ugomvi uanze. Akasimama, na uani vijiko vikasimama pia.

Leokadia alikuwa kizingitini, birika la maji ya kunawa mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Nyuma yake Mina aliviona vyakula: wali wa nazi, mchicha, bilinganya, maharage mekundu yaliyokolea. Hakuna nyama. Hakuna samaki, hata dagaa. Amepika chakula ambacho hakuna mtu wa dini yoyote pale Zinga angeweza kusema kimekatazwa kwake, na kwanza kabisa mjane wa Kihindu asiyegusa nyama.

Mina akasema ameshakula.

"Umekula nini? Moshi wa jiko lako sijauona leo."

Mehzabin akacheka kwa wema kutoka kwenye mto wake, akasema Minaben njoo, kesho hatutapata nafasi ya kula. Mardhiya akasogea kumpisha. Watu wote walikuwa wanamtazama, na wote walikuwa wanajua wanachotazama. Maana sisi wa pwani hatuambizani hili, tunazaliwa nalo: chumvi ya mtu ukishaila, huwezi tena kumchimbia shimo. Akila leo, halua ya kesho itakuwa haramu kwake kuliko kwa mtu yeyote. Akikataa mbele ya watu wote hawa, ametangaza vita, na kesho mvinyo ukitemwa hakuna atakayeuliza nani kafanya.

Mina akaona mtego, akaona na uzuri wake. Karibu aucheke.

Akasogea hatua moja ili asisikike na wengine. "Mwizi hanilishi mara mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho utakula wewe."

Alitegemea uso ule ukunjamane. Haukukunjamana. Leokadia aliinama kama anayemmiminia maji, mdomo ukafika karibu na sikio, na alichokisema kilitoka polepole.

"Sikuiba, Mina. Nilipewa. Jaysukh aliniita kabla hajafa, wewe umekwenda Dar kumfuatia dawa. Akaniambia, siku nikifa ichukue ile chupa kabla Mina hajaikumbuka, na usimwambie kwa nini."

Barabara, gari jeupe, mikeka, vyote vikarudi nyuma.

"Muongo."

"Sababu ninayo. Nimeibeba peke yangu tangu msiba, na umenitukana nayo uani, nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Ukiingia ukala, nitakwambia wewe, chumbani, mlango umefungwa. Ukipita, nitawaambia hawa wote wakiwa na matonge mdomoni, na ataanza kusikia huyu wa Dar."

Mina alitazama uani. Dija alikuwa ameinua uso. Mehzabin alikuwa anampungia mkono. Akatafuta ndani yake ile hasira aliyoilea wiki nzima, akaikuta ipo, imesimama, haijui ielekee wapi. Kwa Leokadia? Au kwa mtu aliyekwisha kuwa majivu?

Leokadia akanyooka. Akainua birika, na sauti yake ikatoka tamu, ya kusikika na mji mzima.

"Karibu ndani, Mama Krishna. Nawa mikono tule, chakula kinapoa."